Dakika Arobaini Kutoka Kavumu

Daktari alisema mama asipitishwe barabarani. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa wodi, hakuingia, kwa sababu asubuhi hiyo walikuwa wamembadilisha mama yangu bandeji na harufu ilikuwa bado imejaa chumbani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Upande mmoja kidonda kilikuwa kinafunga, upande mwingine kilikuwa bado kinatoa usaha. Kutoka Bukavu hadi kwetu Baraka, alisema, gari litamtikisa mpaka nyuzi zikatike. Afadhali ndege. Ndege ni dakika arobaini tu.

Ndege ile niliijua. Watu wote wa Baraka wanaijua, maana ikishuka watoto wanaacha masomo na kukimbilia uwanjani, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshawakimbilia mara nyingi kuwarudisha. Ni ndege ndogo iliyokodiwa na watu wa misaada kwa ajili ya wafanyakazi wao. Wakuu wa serikali nao hupanda, na mara mojamoja, nafasi ikibaki, mgonjwa. Daktari aliwapigia simu. Walikubali. Tuliambiwa tufike uwanja wa Kavumu Jumanne, mapema.

Jioni hiyo nilikaa kando ya kitanda cha mama nikatafuta safari yetu kwenye simu. Ukurasa ulionifungukia ulikuwa na ramani na mstari mwekundu ulionyooka kutoka Kavumu hadi Baraka, ukikata milima na ncha ya ziwa bila kupinda popote. Chini yake waliandika kwamba umbali ni karibu kilomita mia mbili, na muda wa kuruka ni ule ule aliotuambia daktari. Nilimwonyesha mama. Aliushika mkono wangu wenye simu akausogeza karibu na macho, akautazama ule mstari kwa muda mrefu.

"Na mutu akitaka kukojoa?" aliuliza.

Nilimwambia dakika arobaini si nyingi, ataweza kuvumilia. Alicheka. Mama yangu ni mtu wa Swima, kando ya ziwa, na maisha yake yote alikuwa mkulima wa muhogo na mwanikaji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hakuwahi kupanda ndege. Tulipokuja Bukavu tulikuja kwa gari, na wakati huo bado alikuwa na miguu miwili, ingawa kidole kimoja kilikuwa kimeshakuwa cheusi na yeye alikuwa akikificha ndani ya soksi asinitie wasiwasi. Harufu ndiyo iliyomsaliti. Nilidhani kuna panya aliyekufa nyuma ya kabati.

Jumanne nilimwogesha alfajiri. Nilimfunga bandeji mpya, juu yake nikafunga kitambaa safi, nikampaka poda shingoni na kwapani. Alitaka kuvaa kitenge chake cha bamama wakatoliki, kile wanachovaa siku za sikukuu, nami nikamvalisha. Kwa kweli siku hiyo hakuwa ananuka sana. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeishi na harufu ile, naijua siku zake mbaya na siku zake njema. Ilikuwepo, lakini ilikuwa chini, ya utamuutamu kidogo, na ukifungua dirisha inakaa kimya.

Uwanjani walitupima uzito. Abiria wengine walisimama juu ya mizani mmoja mmoja. Mama hakuweza kusimama, kwa hiyo wanaume wawili walimbeba wakamkalisha kwenye mizani ya mizigo, ile wanayopimia magunia, na mmoja wao akapaza sauti kutaja kilo zake kwa karani aliyekaa mbali. Mama alijifunika uso na ncha ya kitenge. Karani akaomba arudie. Yule mtu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na huku akijifuta viganja kwenye suruali. Nilimwona. Alijifuta mara ya pili, taratibu, kidole kwa kidole.

Walitupandisha wa kwanza kwa sababu mama alihitaji kubebwa. Tulipewa viti vya nyuma kabisa. Niliuweka mguu wake juu ya mfuko wangu wa nguo ili usining'inie, nikamfunga mkanda. Alikishika kile chuma cha mkanda kwa mikono miwili, akachungulia dirishani. Nje kulikuwa na majani yaliyolazwa na upepo na askari aliyekuwa anakula mahindi. Mama aliniuliza kama tukifika juu ataiona Swima. Nilimwambia ataiona, na kwamba nitamwonyesha.

Abiria wakaja, wengi wao wakiwa na vitambulisho vilivyoning'inia shingoni. Walitusalimia kwa heshima wakakaa. Mwanamke mmoja alifungua kichupa kidogo akajipaka kitu puani. Wa mwisho alikuwa muheshimiwa.

Sitamtaja jina. Ni mtu wa kwetu Fizi, eneo lenye Baraka na Swima, na sura yake ilikuwa imebandikwa kwenye kila ukuta wa Baraka wakati wa uchaguzi. Wakati huo alikuwa amefika hata Swima. Alikaa uani kwa mama yangu, kwenye kigoda, akala bugali na samaki wa mikebuka kwa mkono, akasema mbele ya watu kwamba tangu mama yake mzazi alipokufa hajala chakula kama kile. Alimwita mama yangu "mama" mara nyingi sana. Mama alilisimulia jambo lile mwaka mzima.

Kwa hiyo alipoingia ndani ya ndege akiwa ameinama kwa sababu ya dari, marashi yake yakitangulia mbele yake, mama alimtambua mara moja. Uso wake uling'aa. Akamsalimia kwa Kibembe, salamu ndefu ya wakubwa, ile ambayo mtu wa kwetu hawezi kuipita bila kuijibu.

Muheshimiwa alisimama. Aligeuza kichwa upande wetu, akavuta pumzi, kisha akatoa kitambaa mfukoni akaziba pua. Hakujibu. Aligeuka akashuka, na kupitia dirishani nilimwona akiongea na rubani kwa Kifaransa, akionyesha nyuma ya ndege kwa kidole gumba, kama mtu anayeonyesha mahali bomba lilipopasuka. Rubani alikuwa mgeni, kijana mwenye nywele nyekundu. Aliingia akatutazama kwa haraka, akatoka akiwa amekunja midomo.

Aliyekuja kutuambia alikuwa mwanamke wa uwanja aliyevaa jileti la njano. Alichuchumaa mbele ya mama, na nadhani alikuwa na aibu.

"Mama, unisamehe, utashuka," alisema. "Banasema bagonjwa ya hii namna habawezi kupanda pamoja na benzao."

Nilimwambia daktari aliwapigia simu, na wao wenyewe walikubali. Alisema anajua. Nilimuuliza ni nani aliyekataa. Akatazama chini. Abiria wote walikuwa wanasikia. Kulikuwa na muuguzi kati yao, mtu wa misaada, alama ya kazi yake iko kifuani, naye alikuwa anachunguza kucha zake. Nilingoja mmoja wao aseme hata neno dogo. Nilitamani kutapika palepale, juu ya viatu vyao vizuri. Hadi leo nikikumbuka ukimya ule ndani ya ndege nasikia mate yakinijaa mdomoni.

Walitushusha. Walimbeba mama kinyumenyume kupitia ule mlango mdogo, na mguu ukagonga chuma. Hakulia. Walimweka kwenye kiti cha magurudumu kando ya njia ya ndege, juu ya kokoto, na kitenge chake cha sikukuu kikiwa kimepanda hadi mapajani. Nilikivuta chini.

Halafu niliona ni nini kilichopanda mahali pake. Vijana wawili walileta katoni za muheshimiwa. Zilikuwa za kuku wa kugandishwa, wale wanaotoka ng'ambo, na kwa kuwa zilikuwa zimekaa juani asubuhi nzima zilikuwa zimelegea na kulowa. Maji ya rangi ya waridi yalikuwa yanachuruzika kwenye pembe. Walizipandisha moja juu ya nyingine kwenye kile kiti cha mama, wakazifunga na mkanda uleule. Kijana mmoja alishuka mikono ikiwa inadondoka maji yale ya kuku, akaipangusa kwenye majani. Harufu yake ilitufikia pale tulipokuwa. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa zamani, mbali, kikafungwa vizuri.

Ndege iliondoka. Vumbi lilitupiga usoni. Mama aliitazama mpaka ikawa ndogo, ndipo akaniuliza.

"Pengine hakunisikia?"

"Alikusikia, Mama."

"Ile kelele ya mashini," alisema. "Pengine hakunisikia."

Nilimfuta vumbi usoni.

Hospitalini kitanda chetu kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Tulilala kwa dada mmoja wa kanisa, na asubuhi nilitafuta gari. Wapo wanaopita ng'ambo ya mpaka, kule Rwanda na Burundi, ambako barabara ni laini, lakini mama hakuwa na karatasi za kuvukia. Tulibaki na njia yetu, ile ya kushuka mlima wa Ngomo hadi bonde la Ruzizi, kisha Uvira, kisha kando ya ziwa. Nilipata gari la abiria, jipu kuukuu. Shofera aliniahidi kiti cha mbele, lakini alipomwona mama akabadili maneno, akasema mbele kuna mtu. Mama alilazwa nyuma, juu ya magunia ya maharagwe, kati ya mafundo ya watu na bidoni za mafuta. Mimi nilikaa sakafuni na kuupakata ule mguu.

Ngomo nisingependa kuielezea, lakini ndiyo barabara yetu na wakubwa wetu wanaruka juu yake. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu. Mvua ilikuwa imenyesha. Malori mawili yalikuwa yamekwama kwenye kona, na madereva walikuwa wamelala chini yake kwa siku ambazo hawakutaka hata kuzihesabu. Kando ya njia palikuwa pamegeuka choo cha watu wote. Ukishuka kupumzika, huna pa kuweka mguu. Ndani ya gari watu walitapika kwenye sashe nyeusi za plastiki, wakazifunga, wakazirusha dirishani, na nyingine zilipasukia kwenye ubavu wa jipu. Jua lilipotoka, yale yaliyokaukia kwenye kioo yaliturudishia harufu yake. Kila shimo liliingia kwenye mguu wa mama kupitia mikono yangu. Nilikuwa nalisikia shimo kabla yake, nainua mguu, na bado haikutosha. Karibu na Kamanyola bandeji ilianza kulowa.

Tulilala Uvira. Kulipokucha, kabla hatujaondoka, aliingia mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba bidoni ya maziwa na fundo la nguo. Alikuwa mrefu, wa makamo, na shofera alipomuuliza anakwenda wapi, kila mtu alisikia kwenye matamshi yake kwamba ni mtu wa milimani, wa wale wafugaji wanaozungumza Kinyarwanda, ambao watu wetu wamepigana nao miaka mingi. Alisema anakwenda Baraka kutafuta dada yake, aliyekimbia vita huko juu na kuteremka na watoto. Shofera alisita. Kisha akasema apande, lakini akae nyuma kabisa, ajifunike.

Watu walibanana ili asiwaguse. Ni gari ambalo mtu hawezi kukunja goti bila kumwomba jirani ruhusa, na bado walipata nafasi ya kumkwepa. Mzee mmoja alitema mate dirishani. Mwanamke mwingine alisema, kwa Kibembe, kwamba leo tumepakia nyoka. Nilikuwa nimechoka, nina damu ya mama kwenye kanga, nikawatazama watu hawa ambao ni wa kwetu, ninaosali nao, ambao watoto wao nawafundisha kuhesabu, nikaona uso wa muheshimiwa kwenye kila uso. Walikuwa na vitambaa vya pua visivyoonekana.

Yule mwanamke alikaa upande wa pili wa mguu wa mama. Hakuuliza. Gari lilipoingia shimo la kwanza, aliweka viganja vyake chini ya goti, karibu na vyangu, akaunyanyua pamoja nami. Harufu ilikuwa mbaya siku hiyo, mbaya kuliko siku zote. Hakugeuza uso.

Baada ya Makobola alimimina maziwa kwenye kifuniko cha bidoni, akamsogezea mama.

"Mama, kunywa kiloko tu. Iko ya leo asubui."

Mama alitazama kile kifuniko. Tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Aligeuza uso kwenye turubai.

"Sitaki," alisema.

Kisha, kwa Kibembe, akaniambia kwamba hawezi kunywa kitu kilichotoka mkononi mwa watu wale. Kwamba ataona kinyaa. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mwanamke yule alielewa. Wengi wao wanakijua Kibembe, wamekuwa majirani zetu tangu kabla hatujazaliwa. Aliyarudisha maziwa ndani ya bidoni polepole, asimwage hata tone, akaurudisha mkono wake chini ya goti la mama.

Sijawahi kumchukia mama yangu kama dakika ile. Huyu aliyetolewa kwenye ndege kama gunia lililooza, na maumivu yake bado mabichi. Mdomo wangu ulijaa maneno. Nilitazama kidonda chake na kwa mara ya kwanza kilinitia kichefuchefu.

Kabla ya Swima tulisimamishwa. Palikuwa na mti umelazwa barabarani na vijana wenye bunduki, wengine wamevaa magwanda, wengine kandambili na kaptula. Siwezi kusema walikuwa wa kundi gani. Barabara ile ina wenyewe wengi. Walimteremsha shofera. Mmoja, macho yake mekundu kwa pombe au kitu kingine, alikuja nyuma akafunua turubai.

"Muko banani humu? Bote bashuke. Tunataka kuona kila mutu."

Watu wakaanza kusogea. Mwanamke wa milimani alikuwa ameinamisha kichwa na kujifunika kanga hadi machoni, na viganja vyake chini ya goti la mama vilikuwa baridi, nilivisikia kwa sababu viligusana na vyangu. Kila mmoja ndani ya gari alijua nini kingeweza kumpata akishuka. Yule aliyesema tumepakia nyoka alikuwa anamtazama, na midomo yake ilianza kufunguka.

Mama akaketi. Sijui alipata wapi nguvu. Alivuta kitenge juu ya paja, akashika ncha ya kitambaa, akaanza kukifungua. Nilimshika mkono, akanisukuma. Alifungua kitambaa, akafungua bandeji, duru kwa duru, na ya mwisho ilikuwa imenatia kwenye nyama, akaivuta hivyohivyo. Harufu ilijaa ndani ya turubai ikawa kama mtu mwingine aliyeingia. Kidonda kilikuwa kimefunguka upande wote, chekundu na kijani, na nzi walikipata papo hapo.

"Mi siwezi kushuka, mutoto wangu," alimwambia yule kijana kwa upole. "Na hawa babili ndiyo benye kunishika muguu. Kuya uangalie."

Kijana alitazama. Alirudi nyuma hatua, bunduki ikamgonga kwenye nyonga, akaziba mdomo na pua kwa mkono wote.

"Funika, mama," alisema. "Funika iyo kitu."

"Inauma nikifunika."

Aligeuka akatema, akatema tena, akawapungia wenzake mkono. Mti uliondolewa. Tulipita. Yule wa nyoka alikuwa ameziba pua, akilia machozi ya kichefuchefu. Nilianza kukifunga kidonda upya, na mwanamke wa milimani akachana ukingo wa kanga yake kwa meno, akanipa kipande, kwa kuwa bandeji ilikuwa imeanguka kwenye maharagwe.

Nilimuuliza mama kwa nini alifungua.

"Nilisikia joto," alisema.

Hakusema zaidi, wala siku hiyo wala siku nyingine. Na maziwa hayo hakuyanywa. Yule mwanamke alimpa tena mbele kidogo, na mama akatikisa kichwa, ila mara hii alisema asante.

Tulipopita Swima aliomba tumwinue. Tulimwinua, mimi upande huu na yule upande ule. Vyandarua vya kuanikia ndagala vilikuwa vimetandazwa mchangani, na kunguru wanatembea juu yake. Mama alisema wasichana wa siku hizi hawawafukuzi ndege. Kisha akalala, na hakuamka vizuri mpaka Baraka.

Pale hospitalini walimshona upya. Walilazimika kukata tena, juu ya goti, kwa sababu ya yale yaliyoingia njiani. Alikaa wodini miezi. Daktari wa Baraka aliniuliza kwa ukali nani aliyekubali mgonjwa kama huyu apitishwe barabarani, nami nikamwambia, na yeye akaanza kutafuta kalamu.

Habari za kuku tulizisikia hapohapo wodini. Muheshimiwa alikuwa amefanya karamu siku ileile aliyofika, ya kuwakaribisha wageni wake, na watu walikula. Wengine walisifu. Wengine, wauguzi waliniambia, walikuja kutundikiwa maji usiku ule, wakiharisha hata kwenye varanda. Nilisubiri nisikie furaha. Sikusikia. Walioletwa walikuwa wapishi na watoto wao, waliokula mabaki.

Halafu akaja mwenyewe. Alitembelea wagonjwa akiwa na mpiga picha na kijana wa kubeba sabuni. Alipita kitanda kwa kitanda, akishika mikono. Alipofika kwa mama nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kavumu, nimeyarudiarudia njia nzima, kwa Kiswahili, kwa Kibembe, hata kwa Kifaransa. Alimshika mama mkono akamuuliza hali. Hakumkumbuka. Si kwamba alijifanya. Macho yake yalikuwa matupu kabisa, kama ya mtu anayesoma kibao cha njiani. Mama akamsalimia kwa ile salamu ndefu, na safari hii, mbele ya kamera, aliijibu yote, neno kwa neno, kwa sauti nzuri.

Mama alitabasamu. Akapokea sabuni, akamwambia Mungu amzidishie.

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya wodi, pale wanapochoma bandeji za wagonjwa, na moshi wake ulikuwa afadhali kuliko yale niliyoyaacha ndani. Maneno yangu yote yalibaki tumboni na kuchacha humo. Niliporudi mama alikuwa ananusa kile kipande cha sabuni.

"Usininunie," alisema. "Nitafulia bitenge."

Yule mwanamke wa milimani nilimwona mara moja tena, sokoni. Alimpata dada yake. Aliniuliza habari za mguu, nikamwambia wamekata tena, akashika kifua. Tulisimama kidogo, watu wakitutazama, kisha kila mmoja akaenda zake. Baadaye niliambiwa wameondoka, ila hakuna aliyejua wamekwenda wapi.

Mama yu hai. Anakaa kwangu, anachambua sombe, majani ya muhogo, akiwa kwenye kiti, anawagombeza wanafunzi wanaokuja kuchota maji. Wageni wakimuuliza alirudije kutoka Bukavu, anawaambia alipanda ndege. Anaeleza mkanda ulivyofungwa, dirisha lilivyo duara, askari aliyekula mahindi chini. Haendelei zaidi ya hapo, na wao hawaulizi, kwa kuwa kila mtu anajua ndege ikiondoka inafika. Mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha. Sasa naingia jikoni.

Na mimi nimeipanda. Ilikuwa kabla vita havijaufunga uwanja wa Kavumu. Walimu kadhaa tuliitwa Bukavu kwa mafunzo, waliotuita ndio wenye nafasi kwenye ndege ile, wakatuma majina yetu. Nilifikiria kukataa. Nilikwenda. Wakati wa kurudi walinipima, wakanipa kiti karibu na nyuma, na mtu wa pembeni yangu akavua viatu akalala. Nilipewa biskuti. Chini niliona Ngomo, uzi mwembamba wa rangi ya udongo, kisha bonde, kisha Uvira na mabati yake, kisha ziwa. Niliitafuta Swima, na nilipoipata ilikuwa imeshapita. Hakuna kilichotikisika. Nilitazama saa tulipoanza kushuka, na ulikuwa muda uleule aliousema daktari, haukuzidi.

Wepesi wake ndio uliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, au kwa machozi, lakini hakukuwa na kitu cha kuhofia, ni kukaa tu na kula biskuti mpaka ukafika kwenu. Biskuti ilikuwa tamu. Niliimaliza nikasikia kinyaa kooni, cha biskuti na cha mkono uliokuwa umeishika.

Uwanjani Baraka walikuwa wamewafukuza ng'ombe ili tutue. Wanafunzi wangu walikuwa wamekimbia masomo kuja kutazama, na wakaning'ang'ania mfuko. Mwalimu mwenzangu aliyekuja kunipokea aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimwambia ilikuwa fupi.